Mto wa Baba Mkwe kwenye Kiti cha Bodi

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kabla hujaniuliza nina shida gani, jua kwamba nyumbani kwetu tunacheka, mume ananipenda, na anayeniponza ni mtu ninayemheshimu kuliko wote pale, baba mkwe.

Mimi ni katibu wa bodi ya maktaba ya umma, na baba mkwe, mwalimu mstaafu wa hesabu, ni mjumbe wa bodi hiyohiyo, alichaguliwa na wasomaji hata sijaolewa, na kanuni yetu inasema mjumbe akikosa vikao vitatu mfululizo bila kuandika udhuru, kiti chake kiko wazi, katibu akitangaze ndani ya wiki mbili, wasomaji wachague mwingine wa kumalizia muda uliobaki, sasa baba amekosa vitatu, na kila asubuhi ya kikao, mimi nimeshavaa viatu, ananiambia mlangoni, "Mwanangu, leo waambie mgongo," nami ningemwambiaje mzee wa watu aniandikie barua wakati tumetoka kunywa chai meza moja, basi nikifika naandika kwenye muhtasari "ametoa udhuru kwa barua," mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na huo mgongo, Mshauri, nikirudi namkuta juu ya ngazi anapigilia mabati ya banda la kuku huku anapiga mluzi, na akiniona anashuka polepole ameshika kiuno!

Wiki iliyopita mwenyekiti wetu, mama mpole lakini hapitwi na kitu, akasema, "Katibu, kikao kijacho niletee zile barua tatu." Kiti cha baba bado kina mto wake wa kukalia, alioshonewa na marehemu mama mkwe, na hakuna anayethubutu kuugusa. Nikisema kweli namvunjia baba heshima mbele za watu, na kazi yangu huenda ikaota mbawa. Mume anasema baba aziandike sasa, aweke tarehe za nyuma. Nifanyeje?

Katibu Mkwe

Katibu Mkwe, marahaba. Kwanza nimecheka, nikakuonea huruma, sasa nakugombeza.

Barua za tarehe za nyuma zisiandikwe. Mwambie mumeo nimekataa, asikuongezee mzigo. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeshafika mwisho wake. Ule ni muhtasari wa umma, dada, siyo daftari la jikoni kwako. Kumheshimu mkwe ni vizuri, lakini kile kiti ni cha wasomaji, na kwa vikao vitatu hakuna aliyewasemea.

Halafu unachanganya kiti kuachwa wazi na mjumbe kufukuzwa. Kumwondoa mjumbe ni kumshtaki, ajitetee, kura zipigwe. Hapa hakuna anayemshtaki mtu. Kiti kimeachwa wazi kwa kanuni ambayo mwenyewe anaijua, tena mwalimu wa hesabu, kuhesabu hadi tatu hakumshindi!

Sasa nikuulize. Barua ndefu yote hii, mbona hujaandika popote kwamba ulimwuliza baba kama bado anautaka ujumbe huo? Mzee anapiga mluzi siku ya kikao, wewe unalia na mgongo wake! Mimi naona anaogopa kukuaibisha wewe katibu akijiuzulu, kama wewe unavyoogopa kumwaibisha yeye. Mmekaa meza moja mnafichana.

Leo hii, akiwa juu ya hiyo ngazi, ishike vizuri umuulize. Akisema bado anautaka, agombee tena kiti kikitangazwa, wasomaji wataamua. Akisema amechoka, mshukuru. Barua ya kujiuzulu haihitajiki tena, ila akipenda kuwaaga wenzake kwa maandishi, aandike, na tarehe iwe ya leo.

Kesho nenda kwa mwenyekiti, usingoje kikao. Mwambie, "Mama, barua hazipo, niliandika uongo," uombe muhtasari usahihishwe, kisha utangaze kiti. Ukipewa onyo, lipokee kwa mikono miwili. Ukipoteza kazi itauma, sikufichi, lakini anayekwenda mwenyewe kusema husamehewa upesi kuliko anayefumaniwa.

Na ukitoka hapo, pitia chumba cha mikutano uchukue ule mto. Mrudishie mwenyewe, aukalie pale uani aangalie kuku wake.