Machozi ya Ombui

Tabaka,
8 Agosti 1971

Ndugu yangu mpendwa Thadeus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu nyumbani. Natumaini wewe, wifi Esnah na watoto mu wazima. Mama ameanza kutembea tena, ingawa chakula bado kinamshinda.

Ulipokuja kumzika Baba nilikuambia kwamba machozi ya Ombui, mwenzake wa machimboni, si ya kweli. Alilia kuliko sisi wafiwa, lakini mabega yake yalitulia, na kila machimbo yalipotajwa aliuficha mkono wa kulia kwapani. Ulinijibu kuwa uso wa mtu si ushahidi.

Jumatano alikuja na wazee kudai shimo lote la mawe, kwa kuwa Baba, aliyechimba naye, ameshafariki. Alirudia mbele yao kwamba jiwe lililomponda Baba liliporomoka lenyewe, naye wakati huo alikuwa sokoni Nyamarambe. Aliongea taratibu, kwa huzuni, ila miguu yake ilikwisha kuelekea mlangoni. Nikiwa nawanawisha mikono, nilisema kwa sauti ya kawaida kwamba Baba alizinduka hospitalini, akaniambia alimwona nani juu ya ukingo wa shimo.

Wazee walinitazama mimi. Mimi nilimtazama Ombui.

"Angenionaje," akasema, "naye alikuwa amenipa mgongo?"

Wazee wakaacha kunawa. Mzee Mogire akamtaka arudie maneno yale, naye akakimbilia mlangoni. Vijana walimshika wakampeleka kwa chifu, na jana polisi walimchukua hadi Kisii. Amekiri kwamba alilisukuma jiwe lile.

Vijana walipokuwa wakimtoa uani alinigeukia, akauliza kama Baba alisema lolote zaidi. Niliona usoni mwake alichokuwa akikitafuta. Alitaka msamaha. Nikamwambia Baba alikufa akimlaani. Akaketi chini pale pale, wakambeba.

Sasa nikuambie wewe peke yako. Baba hakuzinduka. Nilikaa naye mpaka mwisho; hakufungua jicho wala kutamka neno. Mchungaji amenisihi nimtembelee Ombui rumande, nimsamehe. Sitaenda kusamehe. Nitaenda nimtazame tu, na akiniuliza tena Baba alisema nini, nitamjibu vilevile.

Mama asijue haya. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi dada yako,
Kwamboka