Mashine ya Marehemu Inabisha Hodi

Ndugu yangu, nivumilie.

Leo kazini nimeifuta ile njia ya zamani ya kuficha ujumbe kwenye mtandao wetu. Ni kufuli ambalo wezi walishalijua. Tuliuliza matawi yote nani bado analitumia. Kimya. Nikafuta kwa mkono wangu, nikajipongeza.

Hata chai haijapoa, kompyuta moja iliyokuwa bado ikitumia kufuli hilo ikaanza kukataliwa mlangoni mwa mtandao. Ikarudi. Ikakataliwa. Ikarudi tena.

Nikasoma jina lake: FUNDI KOBE.

Kobe wetu! Tuliyemzika mimi na wewe!

Mkuu wangu akacheka. "Mzee, umeona jini? Izuie kabisa, twende tukale." Ningekula chakula gani?

Nikampigia mjane wake. Kumbe ile mashine aliyokuwa Kobe akifanyia kazi nyumbani, mama yule hajawahi kuizima. Unajua kwa nini?

"Shemeji," akaniambia, "mume wangu alisema taa ikiwaka kijani, ofisini kuna mtu anamwitikia. Ikawa inawaka tu. Nikasema basi, bado wanamwitikia."

Bado wanamwitikia! Miaka yote hii!

Kisha akauliza, polepole: "Leo imewaka nyekundu. Amewakosea nini?"

Amewakosea nini. 

Siwezi kurudisha kufuli bovu kwa ajili ya marehemu mmoja. Wezi watapita hapo hapo. Hilo nalijua vizuri. Lakini niko mbele ya kioo cha kompyuta, mashine yake inabisha hodi, na midomo yangu yenyewe inataka kusema karibu.