Nilimpunguzia Mdogo Wangu Dawa Nikilinda Figo Niliyompa

Mama Jolly mpendwa, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla ya kunilaani. Mimi ni Biira, mdogo wangu ni Thembo, na majina hayo yaandike tu, hapa Bwera wenye majina hayo tuko wengi.

Miaka mitatu iliyopita nilimpa Thembo figo yangu moja, tukapasuliwa India, tukarudi wazima, na tangu hapo mimi ndiye ninayetunza dawa zake, zile za kuuzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, asubuhi na jioni nampelekea kwenye kisahani na maji, naye anameza bila kuhesabu kwa sababu ananiamini. Sasa mwaka jana daktari alitueleza kwamba dawa hiyo hiyo inayolinda figo, ikizidi kwenye damu inaiumiza polepole, ndiyo maana wanapima damu na kurekebisha dozi, na mimi katika maneno yote hayo nikashika moja tu, inaiumiza. Mama, kwetu ukimpa jirani mbuzi akufugie, mbuzi bado ni wako, utapita kila mara kuangalia kama anakula, na nadhani ndivyo nilivyoiona ile figo, nikasema siwezi kukaa nikitazama kitu changu kinauawa na vidonge, nikaanza kutoa kidonge kimoja cha jioni, kimya kimya, nakificha kwenye kopo la maziwa ya unga, maana dawa ya bei ile huwezi kuitupa.

Zikibaki siku chache apimwe damu, narudisha dozi kamili, daktari asijue. Basi damu inaonyesha dawa iko sawa, lakini figo inazidi kudhoofika, miguu ya Thembo imevimba, na daktari amesema huenda ni dawa inayoiumiza, mwisho wa mwezi ataipunguza zaidi. Na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba ilishapunguzwa.

Na bado hilo silo linaloniua. Jumapili Thembo alitoka misa akaja kwangu, akapiga magoti na miguu ile ile iliyovimba, akasema, "Yaya, dada yangu, figo yako inanikataa. Kama uko na kinyongo juu ya shamba ya baba, chukua yote, lakini unisamehe." Anataka kunipa shamba lote hilo la kahawa, kule Kyarumba. Nilimwinua nikalia, naye akadhani nimemsamehe. Nikisema ukweli nitampoteza ndugu, nikinyamaza nitamzika. Sioni njia, Mama, sioni kabisa.

Biira, Bwera

Biira, nimekusoma mpaka mwisho na sikulaani. Aliyekubali kupasuliwa kwa ajili ya nduguye hana moyo wa muuaji. Lakini ulichofanya ni kibaya, na kila siku unayonyamaza unakifanya upya.

Nimemuuliza daktari anayejua mambo haya. Ni kweli dawa hiyo inaweza kuumiza figo, na ni kweli hupunguzwa. Lakini hupunguzwa kwa kipimo, damu ikichukuliwa asubuhi kabla ya kumeza, pengine na dawa nyingine ikisaidia, presha ikitunzwa, na vidonge vya maumivu vya dukani vikikatazwa. Wewe ulipunguza kwa jicho, halafu ukakidanganya kipimo. Sasa huenda mwili unaishambulia figo, na daktari, akiipunguza dawa tena, atakuwa anaufungulia mlango. Ni wewe uliyemfumba macho.

Tena hiyo habari ya mbuzi iache. Figo hukumpa Thembo akufugie, ulimpa. Ni yake, na vidonge ni vyake, avihesabu mwenyewe kuanzia leo.

Usingoje mwisho wa mwezi. Ukiweka gazeti hili chini, piga simu hospitali useme ulianza lini na ulitoa vingapi, na dozi waipange wao, si akili yako tena. Wakikuita, nenda na Thembo siku hiyo hiyo, ubebe lile kopo. Kabla hamjapanda gari, mwambie ukweli wewe mwenyewe. Usimtume padri, usimtume shangazi. Na shamba lake usipokee hata mche mmoja.

Sitakudanganya. Figo inaweza kuwa imeharibika kiasi cha kutorudi, na Thembo anaweza asikusemeshe mwaka mzima. Utayabeba. Lakini leo anaamini kwamba figo ya dada yake inamkataa kwa kinyongo, na akifa kesho atakufa akiamini hivyo. Ni wewe tu unayeweza kumwambia kwamba si kweli.