Mbegu za Mama Furaha

Black Rock, Jumamosi, 20 Juni

Amezikaanga, nilijua. Mbegu za mnavu alizonipa Mama Furaha kanisani hazijaota hata moja, na zake zimejaa uani. Yeye ndiye anayeuzia mnavu kanisa zima, angetaka mshindani wa nini?

Tena aliniambia, "Weka mu frigo kwanza, mwezi moja." Mbegu kwenye baridi? Kwenye kambi ya wakimbizi, kabla ya kuja huku, tulizitundika juu ya moshi wa jiko. Nikaona anataka zife, nikaziweka karibu na hita, kisha nikazipanda.

Leo binti yangu Anitha, anayesoma biolojia, amenicheka. Anasema mbegu ina homoni inayoilaza, isiote majira ya baridi ikafa. Ikishapigwa na baridi na unyevu, jeni zake zinapunguza homoni hiyo, na homoni nyingine inaiamsha.

Nikamwambia, "Huyo mama amekuroga." Akaleta kisahani kutoka dirishani kwake. Alikuwa ameficha chache kati ya mbegu zile zile kwenye friji mwezi mzima. Zote zimetoa mizizi.

Bado simwamini. Nani anatoa siri ya biashara bure?

Ila wanakwaya wote nimeshawaambia kwamba amezikaanga. Na kesho ni zamu yetu, mimi na yeye, kupika chakula cha kanisa.