Mate ya Babu Yako

Mjukuu wangu mtoro,

Hivi huko umeota mizizi? Tangu babu yako amalize kupigwa mionzi ya saratani ya koo, hujakanyaga hapa. Mpaka nimemsumbua mpangaji wetu aniandikie.

Koo limepona, ila mdomo umekauka kau. Daktari anasema mionzi iliunguza tezi za mate, na chembe hai zilizosalia huenda zikazijenga upya, polepole, mwaka au zaidi. Huyu babu yako, fundi cherehani wangu, anataka leo hii! Uzi haulowi mdomoni, kwa hiyo hauingii kwenye sindano. Nikamlambia mimi, akafoka, "Sishoni kwa mate ya mtu!"

"Ya mtu? Mbona ujanani hukuyakataa?"

Akacheka, halafu akalia. Amegoma kula, mwanangu. Chakula kinamkwama, na anaona haya kutafuna peke yake wakati wenzake wameshanawa. Amebaki mifupa.

Jana ncha ya uzi ilitoka mdomoni mwake na unyevu. Kidogo tu, lakini niliigusa mwenyewe. Sahani, hata hivyo, aliisukuma.

Ukija, keti naye mezani, teremsha kila tonge kwa maji kama yeye, na ole wako umalize kabla yake.

Bibi yako, mwenye hasira na wewe