Shairi la Adela na Amina za Kanisa

Alhamisi, 2 Machi 2006

Maryland nzima hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi Mutai! Adela — yule nesi Mtanzania, sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu ya Adelphi — amekubali. Mimi! Wenye digrii wamebaki kumeza mate.

Siri iko kazini. Mzee ninayemtunza Rockville alikuwa profesa wa mashairi ya mapenzi, ya Wataliano wa miaka mia tano huko nyuma. Macho yamekwisha, kwa hiyo namsomea. Nusu sielewi, lakini maneno — wacha! Mwanamke ni nuru, ni malaika, jamaa yuko magotini. Moja nimeligeuza Kiswahili. Jumapili namsomea Adela mbele ya watu.

Jumapili, 5 Machi

Ala! Watu gani hawa?

Ushirika ulikuwa kwa Elkanah, mzee wa kanisa. Wakati wa ushuhuda nikasimama, nikamkazia Adela macho: "Ewe nuru yangu, bila uso wako mimi ni kipofu! Nitazame tu, nipone!"

Elkanah — "Amina!" Sebule nzima — "Amina! Mpokee, Bwana!" Mama mmoja analia. Nilikuwa nakaribia ubeti wa kusifu shingo yake, wakaanzisha pambio. Mikono kichwani mwangu kama kofia kumi. Eti Mutai hatimaye ameokoka!

Baadaye jikoni, tukiosha vikombe, Adela akaniuliza: Kaka Mutai, yale maneno ulikuwa unamwambia nani?

Nikasema, Mungu.

"Afadhali," akasema. "Maana macho yalikuwa kwangu. Mimi nikitoka shifti mbili miguu imevimba, kaka. Mtu akiniweka huko mbinguni, nani atanikanda? Anayenitaka aniite Adela, basi."

Nikajibu — amina. Amina! Ng'ombe mimi!

Jumanne, 7 Machi

Nimemweleza Mzee wangu wa Rockville. Amecheka mpaka nikamletea maji. Anasema huo ndio uliokuwa ugonjwa wa washairi wale: wanamwabudu mwanamke ujana wote, wakizeeka wanamlilia Mungu awasamehe. Wengine walijitetea, eti uzuri wake ni ngazi ya kumfikia Mungu. Ngazi! Nani anaoa ngazi?

Nikauliza, na hao wanawake walijibu nini? Akasema wengi wao hakuna aliyewauliza kitu.

Nimekoroga uji wake mpaka ukamwagika.

Jumapili, 12 Machi

Niko garini, nje ya kanisa. Leo naongoza maombi — mimi! Halafu Elkanah amesikia majigambo niliyowapigia vijana wa Langley Park, eti Adela amekubali. Desturi yetu, wachumba hutangazwa madhabahuni, kanisa liwaombee. Ameshagonga kioo mara mbili: Ndugu Mutai, tutangaze?

Nimemwambia angoje, naandika sala.

Adela amesimama mlangoni na joho lake la kwaya, kiatu kimoja amekivua, anasugua mguu. Ameniona. Ananipungia mkono. Hajui lolote, maskini.

Elkanah huyo tena anakuja.

Hajakubali. Sijamuuliza.