Baba, Nilikusingizia Kaburini

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hakuna atakayeniitikia marahaba, na wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kunicheka: "Paskalina, unamwandikia nani? Mimi sipo." Sawa, hupo. Lakini unanijua mwanao, nikiwa na neno kifuani chakula hakishuki, na hili nimekaa nalo mwaka mzima. Niache nilitoe. Ukitaka kucheka, cheka.

Nianzie makaburini, maana huko ndiko watu wa Nangara walikokuwa wanakushangaa. Msiba ukitokea, marehemu awe Mkristo, awe Mwislamu, awe mzee wa Kigorowa aliyezikataa dini zote mbili, wewe ulikuwa wa kwanza kufika na sepeto begani. Nilikuwa darasa la tatu uliponiruhusu niwaletee wachimbaji maji ya kunywa. Mama alipinga, akasema mtoto wa kike hana kazi kwenye shimo, ukamwambia maji hayana jinsia. Nikafika na ndoo yangu kichwani nikakukuta uko chini, umelowa jasho, umelaza pimamaji kwenye sakafu ya kaburi unatazama kama kile kipovu kimekaa katikati. Pimamaji, Baba! Ile ile uliyojengea nyumba za watu. Wenzako walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Hamisi, fundi mwenzako, akakuambia, "Toka huko bwana, marehemu hatalalamika kwamba kitanda kimeinama." Wewe ukamjibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo maana. Hawezi kulalamika, kwa hiyo lazima iwe sawa."

Mimi nilicheka pamoja nao. Nilikuwa mtoto, nilicheka tu kwa sababu wakubwa wanacheka.

Halafu jeneza likafika na nyimbo zikaanza, na wewe ukapanda juu, ukajipangusa mikono, ukavua kofia na kusimama pembeni, mikono nyuma. Wengine wakifumba macho, wewe ulitazama Mlima Kwaraa. Hukununa, hukunong'ona na mtu. Ameni ya mwisho iliposemwa, ukarudi na sepeto kufukia. Njiani nikakuuliza kwa nini husali na wenzako. "Mimi nimechimba, wao wamesali," ukasema. "Kila mtu amefanya anachokijua."

Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Zamu ya jumuiya ikitufikia, wale majirani wa Mama wa kusali nyumba kwa nyumba, ni wewe uliyepanga mabenchi, ni wewe uliyechemsha chai ya maziwa na kuonja kama sukari imekolea. Wakianza rozari unatoka kwenda kukaa karibu na banda la kuku, unatengeneza mpini wa jembe. Mama alikuwa anaona aibu wee! Anaimba jicho liko mlangoni. Wakimaliza unarudi na birika, unawamiminia mmoja mmoja, na hakuna aliyewahi kuikataa chai yako.

Na Katekista wa jumuiya? Rafiki yako yule, mliyegombana miaka yote na bado jioni hazipiti bila yeye kuja kukaa barazani. Siku moja nilikuwa nachambua mchele nikamsikia anakuuliza, "Fundi, nieleze. Kama hakuna anayekuona huko juu, nini kinakuzuia usiibe saruji ya watu?"

Ukamwambia, "Na wewe, ukipewa habari kwamba leo Mungu amelala, utaiba?"

"Mungu halali."

"Nimekuuliza akilala."

Katekista akachezea kikombe, akatazama kuku, akatazama mchele wangu. Mwisho akasema hapana, asingeiba. "Basi na mimi vile vile," ukasema, ukamwongezea chai. Nilitamani kupiga makofi.

Watu walipenda kusema uligombana na Mungu. Walitafuta sababu: eti ni kwa sababu ya mdogo wangu aliyefariki akiwa mchanga, eti kuna padri alikuudhi ujanani. Mama Mdogo alikuja siku moja kukuuliza waziwazi, Shemeji, Mungu alikukosea nini? Ukamwambia hujamkasirikia mtu. "Nilitafuta, sikuona, nikaacha kutafuta. Mtu ninayemkasirikia mimi ni yule aliyetuwekea bomba linalovuja." Mama Mdogo akaenda kukuombea siku tisa.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile tuliyotoka ziwani, wiki moja baada ya kumzika Bibi. Ulikuwa umenunua perege watatu, umewatunga kwenye ukoka, mimi nawabeba na maji yananidondokea miguuni. Viboko walikuwa wanakoroma kule kwenye matete. Nikakuuliza Bibi ameenda wapi.

"Kabla hujazaliwa ulikuwa wapi?" ukaniuliza.

"Sijui."

"Palikuwa panauma?"

"Hapana."

"Basi Bibi naye haumwi popote."

Nikakuambia mwalimu wa dini anasema yuko mahali pazuri. Ukachuchumaa pale barabarani, ukanitazama. "Angekuwa mahali, mwanangu, tungepanda basi tukamwone. Hayupo. Ndiyo maana tunalia." Nikalia, Baba. Nililia na samaki mkononi, na hukuniambia ninyamaze kama watu wote walivyoniambia msibani. Uliwachukua wale samaki ukasubiri. Tulifika nyumbani jua limeshazama na Mama akatugombeza wote wawili kwamba samaki wameanza kulegea.

Na ni siku hiyo hiyo, tukikaribia nyumba, uliponiambia lile neno. "Mimi nikifa, mkitaka kuniombea mniombee, hainiumizi. Mkitaka kulia lieni. Ila msinisingizie." Nikakuahidi. Baadaye ukubwani ukanikumbusha mara mbili au tatu, na kila mara nilikuambia, Baba nimesikia, acha kujiitia kifo.

Hukuniomba kingine maishani mwako. Sasa sikiliza nilivyokitimiza.

Ile alasiri ya mwisho ulikuwa barazani kwenye kitanda cha kamba, tulikutoa nje kwa sababu ulitaka kuona mahindi. Mama alikuwa ameenda kutafuta dawa. Nilikuwa na wewe peke yangu. Tangu asubuhi nilikuwa nakugeuza, nakupangusa, nakupepea, na ulikuwa umeshaacha kuongea. Mara ukafungua macho ukanitazama, ukaniuliza, kwa sauti ndogo lakini yako kabisa, "Umekula?" Nikadanganya, nikasema nimekula. Hukuniamini, nilikuona. Ukafumba macho na hukuyafungua tena.

Basi. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Jioni ile wazee wa jumuiya walikuja, wakasema mtu ambaye hajakanyaga kanisani miaka arobaini hawajui wamzikeje. Hawakusema kwa ubaya. Lakini Mama, ambaye nilimjua ni mwanamke wa kusimama imara, alikaa chini akawa mdogo. Hakuwa analilia mbingu tu. Alikuwa anakuona wewe, uliyewachimbia watu wote hawa, unapelekwa kaburini kimya kimya kama mtu asiye na watu. Akanishika mkono akanivuta jikoni. "Wewe ndiye ulikuwa naye. Hakusema neno? Hata moja? Paskalina, sema alisema neno." Na Katekista mlangoni, macho mekundu, anauliza lile lile.

Nikasema ndiyo. Nikasema ulitamka, "Bwana, nipokee."

Mungu wangu, Baba, laiti ungewaona. Mama alipiga magoti kwenye majivu. Katekista alilia kama mtoto. Kesho yake walikuja na kwaya, na mimi ndiye niliyesoma wasifu wako, nikayarudia maneno yale mbele ya shimo, kwa kipaza sauti, watu wakasema ameni. Mzee Hamisi alikuwa juu ya udongo na pimamaji yako mkononi, ndiye aliyehakikisha umelala sawa. Alinitazama. Nikainamisha macho kwenye karatasi.

Nilidhani uongo ule utafukiwa pamoja na wewe. Wapi! Katekista aliubeba. Kila msiba, Singe, Mutuka, kokote alikoitwa: "Hata Fundi, mnamkumbuka Fundi? Hata yeye saa ya mwisho alirudi." Wateja wanakuja kwenye cherehani yangu sokoni, nawapima kiuno, wanaanza: dada, habari ya baba yako imenitia nguvu. Nami na futi shingoni najibu asante. Mtu uliyemjua miaka yote alikuwa anafutika, Baba, na mahali pake akawekwa mtu aliyekuwa anaigiza maisha yake yote, halafu akaogopa mwishoni. Wewe hukuogopa. Uliniuliza kama nimekula.

Mwezi uliopita tukafikia mwaka, na Mama akaamua kaburi lijengewe. Kibao cha marumaru kilishachongwa kabla hajaniambia. Nilikiona kimelazwa barazani, pale pale kilipokuwa kitanda chako: jina lako, na chini yake, "Bwana, nipokee." Jiwe, Baba. Kitu kisichofutika. Nikaenda kukaa karibu na banda la kuku, pale ulipokuwa unatengeneza mipini.

Siku ya kumbukumbu turubai lilifungwa, watu wakaja, ibada ikaenda vizuri. Katekista akasimama, akafika kwenye habari yako, na mimi nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Samahani Katekista. Baba hakusema hivyo. Nilimsingizia. Alisema 'Umekula?', basi, hakusema kingine. Nilidanganya ili mje mumzike, na yeye aliniomba jambo moja tu duniani, nisimsingizie."

Nilisikia turubai linavyopigwa na upepo. Nilimwona Mzee Hamisi anavua kofia. Katekista alikaa, akakunja karatasi yake mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama karanga. "Basi na mimi nimemsingizia," akasema taratibu. "Misiba yote hii." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mama aliinuka akaingia ndani. Siku nne hakunisemesha. Nikimwamkia anaitikia uso ukutani. Nilienda kazini nikarudi, nilishona sare za shule nikakosea mikono, kulia nikaweka kushoto. Nilijiambia, Paskalina, ulimpoteza baba na sasa umempoteza na mama, hongera.

Siku ya nne alimwita Mzee Hamisi kuhusu kile kibao. Nilikuwa ndani nawasikia. "Kigeuze," alimwambia, "upande wa nyuma andika jina lake tu." Mzee Hamisi akauliza, na msalaba wa pale kaburini je, uondolewe? "Msalaba uache," Mama akasema. "Huo si wake, ni wangu. Mimi ndiye nitakayekuja kukaa pale. Hata mimi aliwahi kuniambia, mkitaka kuniombea mniombee. Mimi nataka." Nikaziba mdomo na khanga nisicheke na nisilie.

Wameshamaliza kujengea. Umelala sawa, Mzee Hamisi amepima mara tatu.

Sikuandikii kukuambia kwamba nimekuwa kama wewe. Sijui nimekuwa nini. Jumapili zingine naenda na Mama, zingine nabaki nafagia uwanja. Nikimshonea mtu suti ya maziko nalaza mishono ya ndani vizuri, ambako hakuna atakayetazama, na nikimaliza naisikia sauti yako kuhusu kulalamika. Nimekukumbuka, Baba. Baraza ni kubwa mno. Katekista bado anakuja jioni, anakaa upande wake, na mimi namwekea chai. Juzi aliniambia hana mtu wa kubishana naye, na alikuwa anamaanisha.

Jana mchana nilikuwa sokoni, kichwa chini, sindano imekatika. Nikaona kivuli mlangoni. Mama, kutoka Nangara kwa miguu na jua lote lile, na hotpoti kwenye kapu. Hakusalimia. Hakunitazama machoni. Aliweka kapu juu ya vitambaa vya watu, akafungua kifuniko.

"Umekula?" akaniuliza.

Safari hii nikasema ukweli. Nikasema sijala.

Kwaheri, Baba. Sitasema tutaonana, maana nimeshakusingizia mara moja na inatosha. Nitasema ninachokijua: tulionana.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza, mbeba maji wako.